Shusha tanga mapema: kuiandaa yoti kwa msimu wa vimbunga Karibiani

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na hukolea zaidi Septemba. Kwa sababu hiyo wengi wanaoacha yoti zao Karibiani hujiambia kazi itafanyika Agosti. Usifanye hivyo. Beryl ilipiga Carriacou, kisiwa cha Grenada, tarehe 1 Julai 2024 ikiwa kimbunga cha daraja la 4, na boti nyingi zilizokimbilia kwenye mikoko ya Tyrrel Bay zilivunjika. Kazi yote iwe imekwisha Juni.

Anza na tanga la mbele, lile linaloviringishwa kwenye kamba ya chuma ya omo, yaani ncha ya mbele ya boti. Ili ulishushe, lazima kwanza ulifungue lote, na upepo ukishaanza kuvuma huwezi tena. Ukiliacha limeviringwa, upepo utapenya kwenye mkunjo mmoja, utalifumua, na boti itavutwa kana kwamba iko safarini. Kulizungushia kamba mara kumi hakusaidii. Lishushe, likunje, liweke ndani. Kisha ondoa tanga kuu, turubai la kivuli, paneli za sola na kidau cha mpira. Henza, yaani kamba za kupandishia matanga, zipandishe hadi kilele cha mlingoti, ukiacha uzi mwembamba wa kuzirudishia. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne, kwa hiyo kila kipande unachokiondoa juu ya sitaha kina faida kubwa kuliko unavyodhani.

Mahali bora pa kuiacha ni nchi kavu. Kimbunga Ivan kilipopiga Grenada Septemba 2004, yoti ziliangukiana yadini, pale zinapohifadhiwa nchi kavu, kama nguzo zilizopangwa, kwa hiyo nchi kavu peke yake haitoshi. Kwa boti ya zaidi ya futi 30, dai vihimili (miguu ya chuma ya kuegemeza boti) vitano au zaidi kila upande, kila kimoja juu ya kipande cha plaiwudi, maana mvua hulainisha udongo na mguu wa chuma huzama. Kihimili cha kushoto kifungwe kwa mnyororo na mwenzake wa kulia, mnyororo ukipita chini ya boti, ili visiteleze kwenda nje. Usifunge kamba ya turubai kwenye kihimili hata kimoja: turubai likipigwa na upepo huking'oa. Kisha funga boti ardhini kwa mikanda ya poliesta iliyoshikwa na nanga za kuzamishwa udongoni au zege. Mikanda ya nailoni haifai kazi hii, hunyumbuka na boti ikapata nafasi ya kucheza. Yadi ikiwa na mtaro wa kuingiza mkuku, yaani uti wa chini ya boti, lipia huo. Na toa kizibo cha chini ili mvua isigeuze boti kuwa tangi.

Ikibidi ibaki majini, hofu yako kubwa iwe kamba, na tazama pale inapopita ukingoni mwa omo. Nailoni hunyumbuka kwa kila wimbi, husugua ukingo, na nyuzi zake husuguana zenyewe hadi zikapata moto. Ukiivisha bomba la plastiki, maji ya mvua hayaifikii kuipoza, nayo huyeyuka kutoka ndani huku kwa nje ukiiona nzima. Dawa yake ni kutumia poliesta kuanzia kwenye chuma cha kufungia kamba sitahani hadi nje ya ukingo, kisha kuiunganisha na nailoni jicho ndani ya jicho, bila fundo, kwa kuwa fundo hupunguza nguvu ya kamba. Sehemu ya ukingoni ivishwe kitambaa kizito kinachopitisha maji. Kagua pia vyuma vya kufungia kamba: viwe na boliti zilizopita sitaha na bamba la chuma upande wa chini. Vilivyoshikwa na skrubu tu vitang'oka.

Urefu wa mnyororo na kamba ya nanga uwe mara 10 ya kimo kutoka chini ya bahari hadi omo. Kina mita 4, maji yanayopandishwa na dhoruba mita 3, omo mita 1 juu ya maji: jumla 8, basi toa mita 80. Wengi husahau ile mita 3. Gatini nako maji hupanda hivyo hivyo, kwa hiyo kamba ziwe ndefu, zifike nguzo za mbali. Kamba fupi itaizuia boti isipande.

Funga vali zote za chini ya maji isipokuwa za kutolea maji ya sitaha, ziba ekzosi, chaji betri hadi zijae kwa ajili ya pampu ya ngama (inayotoa maji yanayokusanyika chini ndani ya boti), maana umeme wa gatini utakatwa.

Wewe usilale humo. Piga picha kila kamba na kila kihimili kwa ajili ya bima, chukua hati za boti, mwachie msimamizi wa yadi ufunguo na namba ya simu inayopatikana, uondoke.