Jaketi la kuokolea maisha linatosha?
Uliyeuliza kama jaketi la kuokolea maisha linatosha kwa safari ya mashua ya tanga pwani ya kaskazini ya Norwei mwezi Julai: linasaidia sana, ila usibweteke. Huko hata kiangazi maji kwa kawaida ni nyuzi 10 hadi 12 hivi. Ukidondoka, kinachokuwahi si mwili kupoa bali mshtuko: unavuta pumzi ghafla bila kutaka, na kama kichwa kimezama, umeshayameza maji. Usihangaike kuogelea, elea tu. Baada ya dakika moja hivi pumzi hutulia. Kisha una kama dakika 10 za vidole kukutii. Zikipita, hata kamba utakayorushiwa hutaweza kuishika.

Kwa hiyo jifunge na mashua kwa kamba ya usalama, hasa ukishika usukani peke yako usiku (ingawa Julai huko usiku wenyewe hauna giza). Ngazi nayo uweze kuishusha ukiwa majini, wengi huisahau. Na karibu na mji wa Bodø, angalia jedwali la maji kujaa na kupwa: Saltstraumen, mlango mwembamba wa bahari wenye mkondo mkali sana, kwa mashua ndogo hupitika salama mkondo unapotulia tu.