Kioo cha tangi la samaki kikipasuka, silikoni peke yake haitoshi

Watu wengi wakiona ufa kwenye tangi wanakimbilia tyubu ya silikoni, ile gundi ya mpira ya kuzibia maji, wanapaka juu, wanajaza maji wanamwachia Mungu. Mimi nimeshatengeneza matangi makubwa kadhaa, yangu na ya jamaa, na msimamo wangu ni huu: silikoni inashika maungio, haiungi kioo. Maji yakivuja pembeni, pale vioo viwili vinapokutana, hiyo ni kazi ya kawaida tu. Ila ufa ukiwa kwenye kioo chenyewe, hata uwe mwembamba kama unywele, tangi kubwa unabadilisha kioo kizima. Lita moja ya maji ni kilo moja, so tangi la lita 400 lina kilo 400 za maji, kokoto na mawe hujaweka. Kuna wanaobandika kiraka cha kioo kwa ndani, sawa, kwa tangi fupi kinaweza kukaa, lakini kwenye kioo cha mbele cha tangi refu mimi siwezi kulala nyumba hiyo.

Kabla ya yote chomoa hita kwenye umeme, maana maji yakishuka ikabaki inawaka nje inapasuka. Halafu punguza maji mpaka chini ya ufa, samaki wahamishie kwenye beseni kubwa au ndoo na maji yao yaleyale, weka pampu ya hewa na ufunike, wengine wanaruka hao. Sponji ya filta usiioshe kwa maji ya bomba wala usiache ikauke, bakteria wanaosafisha maji wanaishi humo, wakifa amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, inapanda na samaki wanaanza kufa wakati tangi lako limeshapona.

Kioo kipya kiwe na unene uleule wa cha zamani, na mwambie fundi vioo akusugulie kingo. Angalia pia kioo kipya unachotaka kukatiwa kisiwe kile kigumu kinachosagika chengachenga kikivunjika, hicho hakikatwi.

Sasa kazi yenyewe iko kwenye kukwangua, na hapa ndo watu wanachoka mapema. Silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani, kwa hiyo ukitoa kioo kimoja toa na ule mstari wa ndani kwenye pembe zote, upakwe upya wote. Kata kwa wembe taratibu, kisha futa kwa asetoni na kitambaa safi, badilisha kitambaa, futa tena. Pitisha kucha pale, ikiteleza mahali na kukwama kidogo mahali pengine ujue bado kuna utando umebaki, hauonekani kwa macho lakini ndo utakaovujisha.

Nunua silikoni tupu, ile inayonuka siki ikiwa mbichi, na ukiona imeandikwa inazuia kuvu iache hukohuko, ile dawa ni sumu kwa samaki. Bandika tepu pande zote, paka mstari mmoja bila kukatisha, kandamiza kioo lakini usikamue silikoni yote ikatoka, ibaki kama milimita 1 au 2 katikati ya vioo. Lainisha kwa kidole kilicholowa, toa tepu hapohapo kabla haijaota ngozi, ukichelewa utang'oa na kazi yako.

Kuhusu kusubiri, kwenye tyubu utasoma masaa 24, mimi kwa tangi kubwa naacha wiki nzima, na kama bado linanuka siki nangoja zaidi. Kisha jaza robo, acha, jaza nusu, acha, ndo ulijaze lote, na karatasi kavu ya tishu ukiipitisha kwenye kila ungio inakuonyesha unyevu ambao jicho halioni. Na kabla hujarudisha samaki weka pimamaji juu ya stendi, kona moja ikiwa imezama kioo kipya nacho kinaweza kupasuka.