Kisiwa Kilichopitwa kwa Gari: Majibu kwa Wasomaji Wanaosafiri Mombasa

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tumelipia siku tano katika hoteli ya ufuoni Nyali mwezi wa Agosti, pamoja na binti yetu wa miaka 13 na mdogo wake wa miaka tisa. Hii ni mara ya nne tunakwenda Mombasa, na kila mara tumerudi Nairobi bila kuona kitu ila mchanga na bwawa la kuogelea. Safari hii nataka watoto wauone mji na utamaduni wake. Mume wangu anasema ukishaiona Ngome ya Yesu (Fort Jesus) umemaliza mji, nami naogopa jua, kupotea vichochoroni, na watu wanaojifanya waelekezi kisha wakadai pesa nyingi. Tuanzie wapi?
Mama wa watoto wawili, Umoja, Nairobi

JIBU: Mama, barua yako imenigusa, kwa kuwa nililelewa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale, kabla ya kazi kunileta huku Nairobi, na kila Agosti huwasikia majirani zangu wakisimulia Mombasa ambayo siitambui. Mombasa ni kisiwa, na Nyali haimo ndani yake. Iko bara, ng'ambo ya daraja. Stesheni ya treni ya Miritini nayo iko bara, upande wa pili. Kwa hiyo kisiwa chenyewe, ambacho ndicho mji, yamkini mmekuwa mkikivuka ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa. Ninawaomba mkitengee asubuhi mbili, kwa miguu.

Baba watoto hakukosea kuitaja ngome, ila amekosea kuifanya mwisho wa habari. Ingieni saa mbili asubuhi, kabla jua halijakaza, na mbebe vitambulisho, maana raia hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na Waomani wakaizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698 ndipo ikaanguka. Merikebu iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa, Santo António de Tanná, ilizama mbele ya ngome mwaka 1697, na baadhi ya vitu vilivyotolewa chini ya maji na wazamiaji katika miaka ya 1970 vimewekwa humo ndani. Mwingereza naye akaifanya gereza hadi 1958. Lakini kabla ya tarehe hizo zote, mpeleke kijana wako ukutani, aweke kiganja juu ya jiwe na kutazama kwa karibu: ataona vitundu na mistari ya matumbawe, kwa sababu jiwe hilo lilikuwa kiumbe hai baharini kabla ya kuwa ukuta. Mtoto wa miaka tisa hasahau jambo kama hilo.

Mkitoka, msirudi hotelini. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipofika Mombasa mwaka 1331 aliwakuta watu wacha Mungu wenye misikiti ya mbao, hii ikiwa ni zaidi ya miaka 260 kabla ya jiwe la kwanza la ngome kuwekwa. Ukitembea dakika chache kutoka langoni utafika Msikiti wa Mandhry, ambao mwaka wake wa kujengwa hutajwa kuwa 1570, nao una mnara mweupe unaochongoka kuelekea juu. Huo nao umeitangulia ngome. Mwonyeshe mume wako mnara huo, kisha mwulize tena kama mji umekwisha.

Barabara mtakayoipita huitwa Ndia Kuu, na hapo binti yako atapata somo ambalo darasani si rahisi kulipata. Ndia ni njia kwa Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya kisiwa hiki; macho ni mato, mchele ni mtele, na mzee akikwambia "ndoo", usitafute chombo cha maji, anakuita. Kwa lugha hiyo Muyaka bin Haji alitunga mashairi yanayosomwa mpaka leo, karibu miaka 200 baadaye. Sisi wa Nairobi huona haya kwa Kiswahili chetu tukifika pwani. Acheni haya hiyo, zungumzeni tu, kwa maana wazee wa barazani hufurahi zaidi kuulizwa maana ya neno kuliko kuulizwa bei ya kitu.

Na hapa ndipo dawa ya kupotea ilipo. Mji wa Kale si mkubwa, na kila baraza ina mtu. Msalimieni kwanza, mngoje aitikie, ndipo mwulize njia. Anayekurupuka na swali bila salamu huonekana hakulelewa, naye hujibiwa kwa ufupi. Mwelekezi mkimtaka, patanani bei yote kabla ya kupiga hatua ya kwanza, na asiyetaka kutaja bei mwacheni. Vaeni nguo za kufunika mabega na magoti, na ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha.

Asubuhi ya pili anzeni na mahamri na mbaazi za nazi, halafu nendeni sokoni Marikiti mkanuse viungo, na kutoka hapo mwende Mtaa wa Biashara, kwenye leso. Usimnunulie binti yako. Mpe pesa, asome majina ya leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, moja baada ya nyingine, achague lile linalomfaa bibi yake. Leso huuzwa jozi ikiwa haijakatwa, na mafundi wa mtaa huo huikata na kuipinda mkingoja. Huo ni utamaduni anaoushika mkononi na kuupeleka nyumbani.

Kuhusu jua, Agosti ni msimu wa kusi, hewa ina ubaridi kidogo. Mchana wa saa sita hadi saa tisa rudini kuogelea, ndiyo kazi ya hoteli.

SWALI: Nitakwenda arusini Mtwapa na nitakuwa na alasiri moja tu ya bure. Je, inafaa niikimbilie ngome?
Mwanafunzi, Kasarani

JIBU: Usiikimbilie, mwanangu, ngome haitaki mtu wa haraka. Nenda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, saa kumi alasiri, kaa chini ya mibuyu, nunua muhogo wa kuchoma uliopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, na utazame meli zikipita karibu nawe kuingia bandari ya Kilindini. Ukiwa na nafasi, panda feri ya Likoni uende ng'ambo na kurudi. Mwenda kwa miguu halipi. Baada ya magharibi mtafute muuza kahawa katika Mji wa Kale. Utamjua kwa mlio wa vikombe vidogo anavyovigonganisha mkononi, na dele, birika lake la shaba, likiwa juu ya makaa. Kahawa yake ni chungu, ina tangawizi, nayo hunywewa kwa kashata au halwa, polepole, na wote mlioketi hapo.