Sindano moja ya HPV inamtosha binti wa miaka 12?

Mama Njeri, umeuliza kama umpeleke binti yako wa miaka 12 akadungwe chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta kansa ya mlango wa uzazi, maana shangazi yake anasema sindano moja ni ya kuokoa pesa tu na eti itamzuia kuzaa. Mpeleke dadangu, usingoje.

Hiyo ya sindano moja haikutoka hewani, ilipimwa hapa hapa kwetu, Thika, Kisumu na Nairobi, na madaktari wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kama Profesa Nelly Mugo wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya Marekani. Walichukua wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20, wengine wakadungwa ya HPV mara moja tu, wengine ya meninjitisi (homa ya uti wa mgongo) ili kuwe na wa kulinganisha nao, halafu wakawa wanawapima kama virusi vimeingia. Baada ya miezi 18 kinga dhidi ya HPV aina ya 16 na 18, hizo mbili ndizo huleta karibu asilimia 70 ya kansa ya mlango wa uzazi, ilikuwa asilimia 97.5. Hiyo ni kinga kubwa sana jamani!

Na kuzaa hakuguswi. Ndani ya chanjo hakuna kirusi kizima, ni ganda lake tupu limetengenezwa maabara, mwili unalisoma unajua adui anafanana vipi.

Ila kama mtoto anaishi na HIV mwambie nesi mapema, huyo anahitaji zaidi ya moja. Akishadungwa akae hapo klinikini dakika 15, wasichana wengine huskia kizunguzungu. Chai anywe kabla ya kutoka nyumbani.