Ua halina neno, tazama chungu

Mmeuliza wiki hii kama okidi za ndani ya nyumba zina madhara kwa mbwa. Mimi ninazo tatu, na mbwa mmoja asiyesikia la mkubwa wala mdogo, kwa hiyo swali hili limenigusa.

Ua lenyewe halina sumu. Phalaenopsis, okidi ile ya maua mapana kama kipepeo aliyekunjua mabawa, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, shirika la kutetea wanyama la Marekani, ASPCA, limeiweka kwenye orodha ya mimea isiyo na sumu kwa mbwa, paka na farasi. Wangu alikwisha kula tawi zima la maua asubuhi moja. Alitapika mara moja, vipande vya zambarau tupu, kisha akaja kudai chakula chake kama kawaida. Mbwa akishindilia majani ya mmea wowote anaweza kutapika, hata usio na sumu.

Ninachokihofia mimi ni chungu. Okidi hizi hazipandwi kwenye udongo, bali kwenye vipande vya magome ya mti au makumbi ya nazi, na kwa mbwa mchanga hivyo ni vya kutafuna tu. Akimeza vingi vinaweza kumziba utumbo. Halafu kuna maji yanayobaki kwenye kisahani, yenye mbolea, naye huyalamba kama yamewekwa kwa ajili yake. Mbolea ya unga wa mifupa ni balaa zaidi kwa sababu inamnukia chakula.

Mbaya kuliko vyote ni dawa ya kuua konokono yenye sumu ya metaldehidi. Vidonge vyake huchanganywa na chambo cha nafaka, mbwa huvifuata mwenyewe, na saa chache tu zinatosha aanze kutetemeka na kupata degedege. Kwangu haiingii. Konokono nawaokota kwa mkono usiku, na tochi.

Angalieni pia jirani wa okidi hapo dirishani. Difenbakia, ule mmea wa majani mapana yenye mabaka meupe, ina chembe kali zinazochoma mdomo na ulimi. Sikasi, ule mmea unaofanana na mtende mfupi, huharibu ini la mbwa, hasa mbegu zake, na wapo wanaokufa. Nimeona nyumba ambamo okidi imepandishwa juu ya kabati kwa woga, na sikasi imeachwa sakafuni.

Mbwa wako akila okidi na anacheza kama kawaida, mpe maji, umwangalie siku hiyo. Akitapika tena na tena, akikataa chakula, akitetemeka au tumbo likijaa, usimtapishe mwenyewe. Mpigie daktari wa mifugo mara moja, na ukienda chukua pakiti ya mbolea au dawa uliyotumia, maana hilo ndilo atakalokuuliza kwanza.