Maswali yenu: kutembeza na kuzumu picha mnato kwa vifremu

Mbukwenyi wana Dodoma, na majirani zetu wa Singida na Manyoni pia. Meseji ni nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, ile kuchukua picha mnato za familia, za send-off, za kipaimara, za marehemu, halafu kwenye video zisikae tu kama zimebandikwa ukutani, zisogee taratibu. Nimechagua maswali yanayojirudia sana. Kuna neno moja mtaliona kwenye majibu karibu yote, nalo ni kuamua picha itaishia wapi kabla hujaamua itaanzia wapi, na nitaeleza kwa nini nalishikilia hivyo.

Swali, kutoka Nkuhungu: Natumia CapCut, ile programu ya kuhariri video, kwenye simu, nabonyeza kile kialama cha almasi lakini picha haifanyi chochote. Nakosea wapi?

Almasi ndiyo kifremu chenyewe (keyframe), na kifremu kimoja peke yake hakifanyi kitu kwa sababu hakina pa kwenda. Kinachosema ni hivi tu, kwenye sekunde hii picha iwe saizi hii na ikae hapa. Mpaka uweke cha pili kwenye sekunde nyingine chenye saizi tofauti au mahali tofauti ndipo programu inapata kazi, inajaza yote yaliyo katikati. Chukua klipu ya sekunde 5 kwenye projekti ya fremu 25 kwa sekunde, fremu ni zile picha moja moja zinazounda video, hapo zipo fremu 125, wewe umeagiza mbili tu, ya kwanza na ya mwisho, zile 123 zinapigiwa hesabu na simu yenyewe. Ukisema ianze asilimia 100 iishie 120 basi kila fremu inaongezeka kama 0.16 hivi, jicho halioni hatua linaona mwendo.

Sasa fanya hivi. Peleka mstari wa taimulaini mwisho wa klipu kwanza, panga picha kwa vidole mpaka ikae unavyotaka mtu aikumbuke, weka almasi. Rudi mwanzo, panua au sogeza, weka almasi nyingine. Ndiyo, naanzia mwisho, maana mwisho ndio jambo lenyewe, ukianza na mwanzo unaishia popote pale vidole vilipochoka. Na uangalie kitu kimoja, baada ya kuweka vifremu viwili usiguse picha mstari ukiwa katikati, simu itaweka cha tatu bila kukuuliza, halafu picha inaanza kuyumba kwenda kisha kurudi na wewe hujui shida imetoka wapi. Ukiona almasi tatu na ulitaka mbili, futa ya katikati.

Swali, kutoka Mpwapwa: Natengeneza video ya arobaini ya babu. Picha yake nzuri ni moja tu, nimetumiwa WhatsApp, nikizumu usoni inakuwa ukungu. Kuna efekti ya kuisafisha?

Pole sana ndugu yangu kwa msiba. Efekti za kunoa zipo lakini hazirudishi kitu ambacho hakipo kwenye faili, na zile za akili bandia zinaweza kukuchorea macho na meno ambayo hayakuwa ya babu, mimi kwa picha ya marehemu sishauri kabisa, familia itakaa pale mbele na wanamjua sura yake.

Tatizo ni pikseli, vile vinukta vidogo vinavyounda picha. WhatsApp ukituma picha kwa njia ya kawaida inaibana, mara nyingi upande mrefu unabaki kama pikseli 1600. Video yako ya HD ina upana wa 1920. Yaani kabla hata hujazumu, picha tayari imevutwa kwa asilimia 20 ili ijaze skrini, halafu ukiikuza mara mbili usoni unakuwa umechukua pikseli 800 ukazitandaza kwenye 1920. Lazima iwe ukungu. Hesabu ya kukaa nayo kichwani ni rahisi, gawanya upana wa picha kwa upana wa projekti na jibu ndio kiasi unachoweza kukuza bila kuharibu. Picha ya pikseli 4000 gawanya kwa 1920, unapata kama mara 2, hapo una nafasi ya kutosha kabisa. Picha ya 1600, huna hata mara 1.

Kwa hiyo mpigie aliyekutumia, mwambie atume tena kama dokumenti, sio kama picha, faili litakuja zima. Kama picha ya asili ni ya karatasi, ile ya studio ya zamani ya inchi 4 kwa 6, ipeleke steshenari wakuskanie na uwaambie wazi dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, usiwaachie wachague wenyewe. Kwa dpi 300 unapata pikseli 1800 kwa 1200, haitoshi kuzumu, kwa 600 unapata 3600 kwa 2400 na hapo unaweza kukaribia uso vizuri tu. Kama karatasi iko kijijini na hakuna skana, mtu aipige kwa simu, iwe imelazwa mezani karibu na dirisha, bila flashi, simu iwe sambamba na picha isiinamie upande mmoja, na kama ina kioo cha fremu itolewe kwanza kwenye kioo. Mwanga wa asubuhi wa kwetu huku kivulini unatosha, usiiweke juani moja kwa moja karatasi itang'aa.

Halafu kuna mtego mwingine kwa wanaotumia Premiere Pro, programu ya kuhariri ya kwenye kompyuta. Kuna chaguo la Scale to Frame Size, hilo linaibana picha iwe saizi ya projekti kwanza, ukizumu baadaye unazumu ile iliyokwisha kubanwa hata kama faili lako lilikuwa la pikseli 6000. Chagua Set to Frame Size, hiyo inaacha pikseli zote. Nimeona watu wanalaumu kamera bure kwa sababu ya hili.

Na ikishindikana kabisa, picha ndogo iache ndogo. Iweke katikati ya skrini na mandhari tulivu nyuma yake, zumu kidogo sana au usizumu kabisa. Sura ya babu ikiwa ndogo lakini safi inaheshimika kuliko kubwa yenye ukungu.

Swali, kutoka Chang'ombe: Nikifanya zumu ya taratibu sana picha inatetemeka, na picha ya nyumba ya nyumbani mabati yanametameta kama yanacheza. Kwa nini?

Hayo ni mambo mawili tofauti. Kutetemeka kunatokea pale mwendo unapokuwa mdogo sana kuliko pikseli moja kwa fremu. Mfano umezumu kutoka 100 hadi 103 kwa sekunde 10, ukingo wa picha unasogea kama pikseli 29 tu ndani ya fremu 250, na programu zisizojua kugawa pikseli zinaacha picha imesimama fremu nane au tisa halafu inaruka pikseli moja, inasimama tena, inaruka. Dawa ni kuongeza safari au kupunguza muda, jaribu 100 hadi 112 kwa sekunde 6 utaona kumetulia. Watu wengi wanadhani taratibu zaidi ndio nzuri zaidi, ila kuna kiwango ukishuka chini yake mwendo unakufa.

Mabati ni habari ya mistari myembamba. Picha kubwa sana ikishushwa kuingia kwenye 1920, mistari ya bati inakuwa myembamba kuliko pikseli, na picha ikisogea kila mstari unaingia na kutoka kwenye pikseli, ndio mmeto huo. Kitenge cha nakshi ndogo, lesi ya gauni na majani ya mbuyu vinafanya vivyo hivyo. Punguza picha iwe pikseli 2500 mpaka 3000 kabla ya kuiingiza, ama weka bluu kidogo sana, hapa namaanisha ile efekti ya kufifisha, nusu pikseli mpaka moja inatosha. Haionekani kwa macho ila mmeto unaisha.

Swali, kutoka UDOM: Nizumu ndani au nje, niende kushoto au kulia? Nimeona wengine wanabadilisha kila picha.

Hili ndilo swali nililokuwa nalisubiri, kwa sababu mengine yote ni vitufe tu. Mwendo unapaswa kumpeleka mtazamaji kwenye kitu fulani. Kuvuta ndani ni kusema mtazame huyu. Kuvuta nje ni kusema alikuwa na hawa, au alikuwa mahali hapa. Kutembeza pembeni ni kusoma picha, mtu baada ya mtu. Kwa hiyo ukitazama picha jiulize kwanza unataka nani abaki machoni klipu inapoisha, ukishajua hilo upande wenyewe unajichagua.

Tuseme una picha ya kwaya imesimama mistari mitatu mbele ya kanisa, na bi harusi wa leo yupo pale pembeni akiwa mtoto. Ukianza na uso wake ukavuta nje, watu watajua ni yeye halafu wataanza kuwatafuta wengine, mama mdogo yule, mwalimu yule, ukumbi unaanza kelele za furaha. Ukianza na kwaya nzima ukavuta ndani mpaka kwake, ukumbi unakaa kimya unamtafuta kisha unampata. Zote mbili ni sahihi lakini hazisemi jambo moja, wewe ndiye unayejua hapo inatakiwa ipi. Ile ya kubadilisha ndani nje ndani nje kwa zamu kila picha haisemi chochote, ni kama mlango unaofunguka na kufunga kwa upepo, baada ya picha ya tano watu wanashika simu zao.

Kingine, kama mtu kwenye picha anatazama kulia, tembeza kuelekea anakotazama, mpe nafasi mbele ya uso. Na usikate kichwa njiani, cheza klipu yote uangalie katikati ya safari, sio mwanzo na mwisho pekee. Na picha tatu nne kati ya kumi ziache zimesimama kabisa. Nasisitiza hili, picha iliyotulia baada ya zinazosogea ina uzito wake.

Swali, kutoka Kisasa: Ken Burns ndiye nani? Naona jina lake kwenye iMovie, programu ya video ya Apple.

Ni mtengeneza filamu za kumbukumbu wa Marekani, alizaliwa 1953, akajulikana sana mwaka 1990 kwa mfululizo wake kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, vita ambavyo havina picha za video kabisa, zipo mnato tu, ikabidi kamera itembee juu yake. Apple walipoweka kitu hicho kwenye iMovie mwaka 2003 wakakipa jina lake. Ila hakukianzisha yeye, Wakanada Colin Low na Wolf Koenig walishatengeneza filamu hivyo mwaka 1957 kwa picha za zamani za mji wa Dawson, na Burns mwenyewe amewataja.

Swali, kutoka Ipagala: Picha za simu ni za wima, skrini ya ukumbini imelala. Nifanyeje zaidi ya kujaza pembeni kwa picha iliyofifishwa?

Wima ni faida kwako dada, usiihangaikie. Picha ya 3000 kwa 4000 ukiipunguza hadi asilimia 64 inajaza upana wote wa 1920, na urefu wake unakuwa 2560 wakati skrini inaonyesha 1080 tu. Zinabaki pikseli 1480 za kutembea juu chini. Picha ya bi harusi amesimama, anza kwenye pindo la gauni, panda mpaka usoni kwa sekunde 8, ukifika usoni tulia sekunde mbili hivi kabla ya kukata. Hapo weka ile ya kulainisha mwendo, kwenye CapCut ni grafu inayotokea kati ya almasi mbili, kwenye Premiere ni Ease In na Ease Out, ili ianze pole na ifunge breki pole. Bila hiyo mwendo unaanza ghafla kama umesukumwa.

Swali, kutoka Area C: Laptop yangu ni dhaifu, nitumie programu gani?

Shotcut au Kdenlive, zote za bure, zina vifremu kamili. DaVinci Resolve ya bure ina Dynamic Zoom, unachora boksi la kijani la kuanzia na jekundu la kuishia na imekwisha, ni nzuri mno ila inadai kompyuta yenye kadi ya picha (GPU) yenye nguvu. Kwenye simu KineMaster inakupa pa kuanzia na pa kuishia kwa kila picha tangu unapoiingiza, ila inakupangia yenyewe, kwa hiyo pitia moja moja uzirekebishe.

Swali, kutoka Kondoa: Mimi ni mwalimu, nina picha za michoro ya miambani Kolo, nataka video ya darasani. Michoro ni myembamba na imefifia.

Mwalimu, umenifurahisha. Michoro hiyo ipo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006 na bado watoto wengi wa hapa hapa mkoani hawajaiona. Usianze na mchoro. Anza na mwamba wote, waone kivuli chake na miti, tulia sekunde 3, ndipo uvute ndani mpaka kwenye wale watu warefu wa rangi nyekundu, kwa sekunde 7 au 8 bila haraka. Weka kifremu cha mwisho pale mchoro unapojaza kama theluthi mbili za skrini, usiende karibu zaidi, ukikaribia mno wanaona rangi tu hawaoni umbo. Halafu picha ileile irudie, safari hii imesimama, uwe umeongeza kontrasti na wekundu kwenye nakala, na uwaambie wanafunzi kwamba hapa rangi imeongezwa. Ukienda kupiga nyingine usikubali mtu amwagie mwamba maji ili rangi itokee, maji yanauharibu mchoro, hiyo kazi ifanyike kwenye kompyuta. Na piga moja kukiwa na mtu amesimama kando ya mwamba, ndiyo utakayoanza nayo, watoto wajue ukubwa wake kabla hujazumu.