Kwa nini helikopta ya polisi huzunguka badala ya kusimama angani

SWALI: Ninaishi kusini mwa Los Angeles. Helikopta ya polisi huja usiku na kuuzunguka mtaa wetu kwa dakika nyingi, na watoto hawalali. Kwa nini isisimame mahali pamoja ikamulika, na mtindo huu ulianza lini?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa usiku huo. Nitajibu kama fundi wa injini za helikopta, nikianza na historia, kwa sababu ndiyo inayoeleza kwa nini helikopta hiyo iko juu yenu hata kabla gari la polisi halijafika.

Polisi wa New York walianza kutumia helikopta mwaka 1948. Wenzao wa Jiji la Los Angeles walifuata mwaka 1956 kwa helikopta moja ndogo aina ya Hiller, ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia magari kwenye barabara kuu. Hatua ninayoiona kuwa kubwa kuliko zote ilichukuliwa Lakewood, mji mdogo ndani ya Kaunti ya Los Angeles, ambao tangu upate mamlaka yake mwaka 1954 haukuunda polisi wake, bali umekuwa ukiilipa idara ya sherifu wa kaunti iulinde. Mwaka 1966, kwa msaada wa fedha za serikali kuu, mpango ulioitwa Sky Knight ulianza kurusha doria ya kila siku kwa helikopta aina ya Hughes 300, yenye injini ya pistoni ya nguvu za farasi 180 tu. Udogo wa injini haukuwa na neno. Jambo jipya lilikuwa kwamba wito ulipotoka kwenye redio ya upepo, helikopta ilikuwa tayari iko angani, ikiwa na watu wawili: rubani wa kuirusha, na askari mwangalizi wa kutazama chini na kuwaelekeza wenzake. Ukiwa ghorofani, tazama paa la gari la polisi linalopita. Utaona namba kubwa zimeandikwa pale juu, nazo zimewekwa kwa ajili ya huyo mwangalizi, ili ajue anazungumza na gari lipi.

Sasa nije kwenye kuzunguka. Helikopta inaweza kusimama angani, lakini huko kusimama hudai nguvu nyingi za injini, na hatari yake ni injini kuzimika, hasa kwa helikopta za injini moja ambazo polisi wamezitumia kwa miaka mingi. Helikopta iliyo kwenye mwendo ikizimikiwa, rubani hushusha papo hapo wenzo ulio kwenye mkono wake wa kushoto, upepo unaopanda kutoka chini huendelea kuyazungusha mapanga, naye hupata nafasi ya kuchagua pa kutua. Iliyosimama mita 60 juu ya mapaa haina mwendo, na kimo hicho hakitoshi kuupata kabla ya kugonga ardhi. Ndiyo maana marubani hupendelea kuzunguka kwa mwendo wa kama kilomita 100 kwa saa. Tena nyumba ina pande nne: anayesimama upande wa mbele hauoni mlango wa uani, lakini anayezunguka huupitia kila baada ya muda mfupi, na taa ya zenoni ya wati 1,600 hugeuzwa ibaki palepale wakati helikopta inasogea.

Ama ije au isije mtaani kwenu, hilo si la fundi. Ukaguzi wa jiji uliotolewa Desemba 2023 ulionyesha kuwa kikosi cha Los Angeles hugharimu zaidi ya dola milioni 46 kwa mwaka, na kwamba asilimia 61 ya muda wake angani haikuhusu uhalifu wa kipaumbele cha juu. Mpelekee diwani wako ripoti hiyo, na umweleze kuhusu usingizi wa watoto.